Jamaa Yenye Kuvuta Wavu Mmoja

Somo kwa wakatekumeni, na kwa wote wanaojitayarisha kwa ndoa ya Kikristu



Mmekwisha kujifunza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeiweka ndoa, na kwamba mume na mke huungana kwa maisha yote. Leo tunauliza jambo lingine. Watu wanaolala chini ya paa moja na kula katika chungu kimoja, je, kwa sababu hiyo tu wamekuwa jamaa moja kweli?

Wengi watajibu upesi: Ndiyo. Lakini tutazame vizuri. Abiria wa lori moja hukaa pamoja nao, na mashimo ya barabara huwarusha wote sawasawa. Walakini kila mmoja hushika mzigo wake mwenyewe, na wakifika sokoni huachana bila kuagana. Ziko nyumba zinazofanana na lori hilo. Baba ana safari yake, mama ana safari yake, watoto nao wana yao. Hawagombani, lakini hawako pamoja.

Somo letu ni hili: jamaa huwa moja inaposhika kazi moja, inapojua hesabu moja, na inapomngoja aliye dhaifu.

1. Mfano kutoka Ziwa Kivu

Ninyi mnaokaa Kabare, Kalehe, Idjwi, au katika vilima vinavyotazama Bukavu, mmeona mara nyingi taa nyingi juu ya maji usiku. Ni taa za wavuvi wa sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwako zamani katika ziwa letu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Ziwa Kivu mwaka 1959. Kwa hiyo uvuvi wao haukurithiwa kutoka kwa mababu wa kale. Watu walijifunza polepole, na leo sambaza ni kitoweo cha maskini na tajiri.

Tazameni jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mitumbwi mitatu hupangwa ubavu kwa ubavu, ikafungwa kwa miti mirefu hata ikawa chombo kimoja. Jua likishuka, wavuvi hutoka wakipiga makafi na kuimba. Wimbo huo si wa kujifurahisha tu. Ndio unaolinganisha mikono yao. Mmoja akipiga kwa nguvu zake zote bila kuwasikiliza wenzake, chombo hakiendi mbele upesi zaidi, bali hugeuka upande. Wakifika mahali pao huteremsha wavu na kuwasha taa, kisha hungoja kwa saburi hata samaki waufuate mwanga. Ndipo wavu huvutwa, nao huvutwa na wote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukichelewa, samaki hutoroka kwa upande huo.

Tena, usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa hauna nguvu, na samaki huwa wachache. Wavuvi wenye akili hawalaumiani kwa sababu ya mwezi. Hukaa pwani wakashona nyavu zilizotatuka.

Ndugu, katika mfano huu mna mafundisho matatu. La kwanza: nguvu za mtu mmoja peke yake hazitoshi, hata akiwa hodari sana. Wazee walisema: Jifya moja haliinjiki chungu. La pili: kushirikiana si jambo la kuzaliwa nalo, ni jambo la kujifunza, kama wazee wetu walivyojifunza kuvua sambaza. Kwa hiyo mtu asiseme: Sisi katika nyumba yetu hatukuzoea. La tatu: ziko siku zisizo na samaki, na siku hizo ni za kushona, si za kutukanana.

2. Jamaa zilizojenga ukuta wa Yerusalemu

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mfano. Kitabu cha Nehemia chasimulia jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyokuwa umebomoka, na malango yake yameteketezwa kwa moto. Nehemia hakuajiri fundi mmoja mkubwa ajenge peke yake. Sura ya tatu yataja watu wengi, kikundi baada ya kikundi, kila kikundi na kipande chake cha ukuta. Wengine walijenga mbele ya nyumba yao wenyewe. Walikuwamo makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara. Alikuwamo pia mkuu mmoja, jina lake Shalumu, naye alijenga pamoja na binti zake. Fikirini jambo hilo: mkubwa wa mji anabeba mawe, na binti zake wanabeba pamoja naye, wala Maandiko hayaoni aibu kuwataja.

Lakini sura hiyo hiyo yataja pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kwa kazi, wakawaachia watu wao. Majina ya wajenzi yakahifadhiwa kwa heshima. Ya wakuu hao ni uvivu wao tu uliohifadhiwa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Sasa kila mmoja aulize moyoni mwake: Nyumbani mwetu mimi ni Shalumu, au ni mkuu wa Tekoa? Je, kijana wa kiume anaweza kukaa kivulini na kungoja chakula, hali dada yake ametoka mtoni na ndoo kichwani, amefagia, amepika, tena bado hajasoma kitabu chake cha shule? Kuteka maji hakumwondolei kijana uume wake. Kunamwondolea dada yake uchovu, na kumpa saa ya kusoma.

3. Kichwa cha jamaa na kazi yake

Mtu mmoja atauliza: Je, ikiwa wote wanafanya kazi pamoja, baba hana tena amri nyumbani?

Sikilizeni. Katika chombo cha wavuvi yuko anayeongoza wimbo na kusema: Sasa tuvute. Pasipo yeye kazi huharibika. Lakini naye yumo chomboni. Akilowa mvua, wote wamelowa. Chombo kikizama, naye anazama. Haongozi akiwa amekaa pwani karibu na moto. Ndivyo Bwana wetu Yezu Kristu alivyotufundisha ukubwa: yeye aliyekuwa Bwana na Mwalimu alijifunga kitambaa kiunoni, akawaosha mitume miguu.

Sheria ya nchi yetu nayo imetembea njia hiyo. Kitabu cha sheria za jamaa cha Kongo kilitolewa mwaka 1987, nacho kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutenda jambo lenye nguvu mbele ya sheria. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa. Mume angali anaitwa mkuu wa nyumba, lakini ruhusa ile imeondolewa, na mahali pake imeandikwa kwamba mume na mke wanapaswa kupatana katika mambo yanayowafunga. Basi mwanamume akikopa fedha kwa siri, au akiuza shamba la jamaa bila mkewe kujua, asijifiche nyuma ya neno “mimi ni kichwa”. Kichwa kisichosikia maumivu ya mkono ni kichwa kilicho mgonjwa.

4. Hesabu iliyo wazi

Tutunge mfano, maana jambo hili limeharibu nyumba nyingi zenye watu wema.

Baba Furaha ni mtu wa Walungu. Shamba lake ni dogo, kwa kuwa ardhi ya baba yake iligawanywa kwa ndugu wengi, tena muhogo wake umeugua. Anaaga, anakwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Mama Furaha anabaki na watoto wanne pamoja na mama mkwe wake. Siku za soko anashuka Bukavu, anabeba mizigo ya watu kwa kamba iliyopita juu ya paji la uso, kutoka ziwani hata soko la Kadutu. Jioni anarudi na shingo yenye maumivu na fedha kidogo.

Mama huyo ameingia katika likelemba pamoja na wanawake wenzake. Hakumwambia mumewe, kwa maana anaogopa asije akazinywea pombe. Baba naye, huko Kamituga, amepata kidogo. Hakumwambia mkewe, kwa maana anataka kumshangaza kwa mabati mapya. Furaha, binti yao mkubwa, yuko shule ya sekondari. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazidai karo tena, lakini sekondari zadai. Mwalimu mkuu anamrudisha Furaha nyumbani. Mama anaogopa kuitoa siri ya likelemba, wala zamu yake haijafika. Anafikiri: Baba yake hana kitu. Furaha anaanza kubeba mizigo pamoja na mama yake.

Wakati wa Pasaka baba anarudi na mabati kumi na mawili juu ya lori. Anamkuta binti yake na alama ya kamba kwenye paji la uso.

“Mama Furaha, kwa nini hukunipasha habari? Fedha nilikuwa nazo.”

“Na wewe, Baba Furaha, uliniambia kwamba unazo? Hata mimi nilikuwa na akiba yangu.”

Bibi mzee, aliyekaa karibu na moto, akawauliza: “Wanangu, mlikuwa watu wawili wenye fedha. Mbona mtoto alikosa?”

Wote wawili wakanyamaza.

Tazameni, ndugu. Katika nyumba ile hamkuwa na mvivu wala mwizi. Baba alijichosha, mama alijichosha. Kila mmoja alipiga kafi kwa nguvu, lakini hapakuwa na wimbo wa kuwalinganisha. Paa jipya lilipatikana, na mwaka wa shule wa binti ulipotea. Nani alilipa gharama ya siri zile? Aliyelipa ni yule ambaye hakuulizwa neno.

Basi, dawa ni nini? Tunawashauri jambo dogo. Mara moja kila juma, kwa mfano jioni ya Dominika baada ya chakula, jamaa ikae pamoja, nao wazee wawepo, na watoto wenye akili ya kusikia. Waulizane maneno matatu: Juma hili kimeingia nini? Kimetoka nini? Nani amechoka kupita wengine? Aliye mbali, kama mchimbaji wa Kamituga, atume habari kwa simu au kwa mtu anayeaminiwa. Wakiisha kusema, waseme sala fupi na kwenda kulala. Hakuna haja ya maneno marefu. Mara ya kwanza watu wataona haya, na mara ya pili watanuniana kidogo. Wavumilie, maana hata wimbo wa wavuvi haulingani siku ya kwanza.

5. Mfano wa Wakristu wa Katanga

Jambo hili si geni katika Kanisa la Kongo. Karibu na mwaka 1953, huko Kolwezi katika Katanga, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kukaa na kuzungumza na wafanya kazi wa migodi na wake zao. Walizungumza kwa Kiswahili. Hawa walikuwa watu waliotoka vijiji mbalimbali, wakaishi katika nyumba za kampuni, mbali na wazee wao. Wengi walikuwa wamebatizwa, lakini nyumbani mume na mke waliishi kama wageni wawili.

Padre hakuwaita waume peke yao na wake peke yao. Aliwataka waje pamoja, mume na mke, wakafikiri juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Watu wakakiita chama hicho kwa jina hili hili tunalolitumia leo: Jamaa. Kikaenea katika miji ya migodi na katika majimbo mengine. Ni kweli, baadaye vikundi vingine vilipotoka, wakatafuta mafundisho ya siri, na maaskofu wakaviwekea mipaka. Lakini chanzo chake chatufundisha neno jema: haitoshi mume kuwa Mkristu mwema upande wake, na mke kuwa Mkristu mwema upande wake. Ni lazima njia hiyo waitembee wawili, huku wakisemezana.

Ndiyo sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita jamaa Kanisa la nyumbani. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya mapendo katika jamaa, alikumbusha maneno matatu yasiyogharimu kitu: kuomba ruhusa kwa upole, kushukuru, na kuomba radhi. Ni wanaume wangapi wamekula bugali miaka 20 mikononi mwa mke mmoja, wala hawajasema asante hata mara moja?

6. Tundu ndani ya mtumbwi

Hapa tuseme wazi, mtu asije akalitumia somo hili vibaya. Wengine husema: Jamaa ni moja, kwa hiyo yanayotendeka ndani yasitoke nje. Siyo hivyo. Mtumbwi ukitoboka, mvuvi anayeficha tundu hawapendi wenzake, anawaua.

Pombe inayomaliza chakula cha watoto ni tundu. Mkono unaompiga mke au mtoto ni tundu kubwa zaidi. Anayepiga hasemi kwamba yeye ni kichwa. Anavunja chombo ambacho yeye mwenyewe yumo. Na anayepigwa asifundishwe kunyamaza kwa ajili ya umoja. Aseme kwa wazee wenye busara, kwa paroko au kwa katekista, kwa wenzake wa shirika. Na ikiwa uhai wake u hatarini, aondoke kwanza, pamoja na watoto, na maneno yatafuata baadaye. Ninyi majirani, msimrudishe kwa haraka kwa sababu ya mahari iliyotolewa. Mahari ni heshima kwa ukoo wa binti, si bei ya mwili wake.

Tena yako matundu ambayo hatukuyatoboa sisi wenyewe. Vita imeingia nchini mwetu mara nyingi, na mwezi wa pili wa mwaka 2025 iliingia hata mji wa Bukavu. Jamaa nyingi zilitawanyika, na mayatima wakabaki mikononi mwa bibi au shangazi. Ndugu, nyumba ya bibi na wajukuu wake ni jamaa kamili mbele ya Mungu. Mjane na watoto wake ni jamaa kamili. Wao pia huvuta wavu, ila mikono ni michache. Kwa hiyo wenye mikono mingi waende kuwasaidia. Mfunge mtumbwi wenu karibu na wao.

7. Jamaa Takatifu walipompoteza mtoto

Hata nyumba ya Nazareti ilipatwa na taabu. Yezu alipokuwa na miaka 12, alibaki Yerusalemu, na wazazi wake wakatembea safari ya siku nzima wakidhani yumo pamoja na jamaa na rafiki. Walipotambua kwamba hayumo, Maria hakumwambia Yosefu: Ni kosa lako. Yosefu hakumwambia Maria: Wewe ndiwe mama, mbona hukuangalia? Maandiko hayataji ugomvi wowote. Yasema tu kwamba walirudi wote wawili, wakatafuta, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni. Na Maria alipomwambia mtoto huzuni yao, alimtaja Yosefu kwanza, kisha akajitaja mwenyewe. Huzuni ilikuwa ya wawili, na kutafuta kulikuwa kwa wawili.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, kukaa katika nyumba moja kwatosha kuwafanya watu kuwa jamaa moja?
Jibu: Hakutoshi. Wanapaswa kushika kazi moja, kujua hesabu moja, na kumngoja aliye dhaifu.

Swali: Mkuu wa jamaa afanane na nani?
Jibu: Afanane na Bwana Yezu aliyewaosha mitume miguu, na Shalumu aliyebeba mawe pamoja na binti zake.

Swali: Kwa nini siri ya fedha ni hatari hata kati ya watu wema?
Jibu: Kwa sababu kila mmoja hukata shauri kwa kukisia, na mara nyingi anayeumia ni mtoto.

Swali: Je, umoja wa jamaa wamtaka mtu kuficha mapigo na maovu?
Jibu: Hapana. Anayeficha tundu anawazamisha wote.

Swali: Nyumba isiyo na baba, au isiyo na mama, ni jamaa?
Jibu: Ndiyo, ni jamaa kamili, na majirani wana wajibu wa kuisaidia kuvuta.

Kazi ya juma hili

Kila mkatekumeni achague kazi moja ya nyumbani ambayo si desturi yake, aifanye siku tatu bila kuambiwa. Mwanamume ateke maji au apasue kuni. Kijana amwoshe mdogo wake. Binti aketi pamoja na baba na kujifunza hesabu ya shamba. Tena Dominika ijayo jioni, jamaa ikae na kuulizana maneno yale matatu. Katika somo lijalo katekista atawauliza mmoja mmoja: Mlikaa? Na nani alikuwa amechoka kupita wengine?